Tangazo la sabuni la wanafunzi: historia ya kamera na biashara kwetu Uvira



Tangu vita vilipofika Uvira mwezi wa Desemba 2025 na watu kwa maelfu wakavuka kwenda Burundi, kuna video fupi za zamani zinazozunguka katika makundi ya WhatsApp ya watu wa kwetu. Hazina mapigano wala hotuba za wakubwa. Nyingi ni matangazo ya biashara, yale vijana wanayaita pub, ambayo wanafunzi waliyapiga kama kazi ya masomo: tangazo la butiki ya simu, la fundi cherehani, la mkate, la sabuni. Hilo la sabuni ni la dakika 1 na sekunde 10, na nililipiga mimi na wenzangu wanne mwaka 2013, tulipokuwa tunasoma uandishi wa habari. Wengi wenu mmeuliza lilitoka wapi, na kwa nini wanafunzi wa wakati ule walikuwa wanahangaika na matangazo ya sabuni. Jibu lake ni refu kidogo, kwa sababu kamera kwetu ina historia yake, na mwanzo wake haukuwa mikononi mwetu.

Tuanzie ng'ambo ya ziwa, Tanganyika ya Waingereza. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri kwenye milima ya Usambara, kulikuwa na kazi iliyoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Wakubwa wake wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu 35 hivi, wakazizungusha kwa lori vijijini Afrika Mashariki na kuendelea mpaka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Filamu ya kwanza kabisa ilihusu benki ya akiba ya posta. Mtu mmoja anafukia pesa zake chini, mwizi anazichukua. Mwingine anazipeleka posta, zinabaki salama. Ukiiangalia kwa jicho la mtu wa biashara, hilo ni tangazo. Lina bidhaa, lina hofu, lina suluhisho, na lina mtu mjinga wa kuchekwa. Hata leo matangazo mengi ya kampuni za simu ya kutuma pesa yanafuata njia hiyohiyo.

Kuna jambo moja la kiufundi katika filamu zile ambalo ninalipenda. Picha zilipigwa bila sauti, halafu maneno yakarekodiwa pembeni kwenye sahani za santuri, yakachezwa pamoja na picha mbele ya watu. Lishike hilo, kwa sababu sisi miaka karibu 80 baadaye tulifanya vilevile, na hakuna mtu aliyetufundisha.

Upande wetu, Kongo ya Wabelgiji, mlango ulifungwa kwa nguvu zaidi. Kuanzia mwaka 1936 kupiga filamu katika koloni kulihitaji ruhusa ya serikali. Mwaka 1945 ikaja sheria nyingine, hiyo ya kuzuia Mwafrika kuona filamu yoyote ambayo tume ya ukaguzi haijaikubali kwa ajili yake. Mzungu aliweza kuangalia anachotaka. Mtu mweusi alichaguliwa. Waliochaguliwa kumtengenezea filamu zake walikuwa hasa mapadri. Léopoldville kulikuwa na Edisco-Films ya padri Van den Heuvel, Luluabourg padri Van Haelst, na hapa karibu, Bukavu, kulikuwa na Africa Films ya padri Roger De Vloo wa shirika la Mapadri Weupe. Wazee wa Kasai wanakumbuka zaidi Matamata na Pilipili wa Van Haelst, mnene na mwembamba, wakianguka na kuinuka. Zilichekesha kweli. Lakini mtu mweusi katika filamu hizo ni mwanafunzi siku zote. Anakosea, anaonywa, anajifunza, na anayeamua kosa ni lipi anakaa nyuma ya kamera.

Wa kwanza kugeuza mambo walifanya hivyo kwa njia ya urafiki, katika klabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Léopoldville ilikuwa na klabu ya sinema ya Wakongomani. Albert Mongita, mtu wa tamthilia na wa redio, alipiga mwaka 1951 filamu fupi iitwayo La leçon de cinéma, maana yake somo la sinema. Emmanuel Lubalu akafuata mwaka 1953 na Les pneus gonflés. Ni filamu fupi na za vifaa vidogo. Ninazitaja kwa heshima kwa sababu moja: watu waliokuwa marafiki walikaa pamoja, mmoja akashika kamera, wengine wakaigiza, na somo lenyewe likawa jinsi ya kupiga filamu. Mongita kuwa mtu wa redio kunanifurahisha mimi binafsi. Ng'ambo, wakati huohuo, kijana mmoja mtumishi wa serikali aitwaye Rashidi Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu, mwaka 1952. Miaka 10 baadaye alikuwa waziri mkuu wa Tanganyika. Watu wanaosema kuigiza ni kazi ya wavivu wamkumbuke.

Uhuru ulipokuja, kamera haikufika Uvira kwa haraka. Televisheni ya Kinshasa ilianza mwaka 1966, lakini Kinshasa ni mbali, na kwa miaka mingi hapa ziwani mtu alisikia tangazo, hakuliona. Biashara ilitangazwa kwa wimbo. Mfano mkubwa wa nchi nzima ni Azda, wimbo wa Franco na OK Jazz wa mwaka 1973, uliotengenezwa kwa ajili ya wauzaji wa magari ya Volkswagen. Watu ambao hawangeweza kununua hata tairi la gari lile waliucheza harusini. Hapa kwetu tangazo lilikuwa mtu mwenye megafoni juu ya pikipiki au gari, au kijana anayepita avenyu kwa avenyu akipiga kelele kwamba ndagala mbichi zimefika ufukweni. Kilichotangazwa kwa picha kilichorwa ukutani: kinyozi, mkasi na kichwa, daktari wa meno, jino moja kubwa lenye mizizi.

Mwaka 1996 vita vikaanzia kwetu, na Uvira ikaanguka mwezi wa Oktoba. Mwaka 1998 vikaja vingine. Kiwanda cha sukari cha Kiliba kilikuwa kimekufa, biashara kubwa zilikimbia, na yule ambaye angelipia tangazo hakuwepo tena. Lakini ni katika miaka hiyo na iliyofuata ndipo redio za jamii zilipoota kando ya ziwa, na Radio Okapi ikaanza mwaka 2002. Redio hizi zilihitaji pesa kidogo za mafuta ya jenereta, na pesa hizo zilitoka kwa mama wa mgahawa, kwa mwenye duka la dawa, kwa chama cha madereva. Hivyo tukazoea tangazo dogo la mtu mdogo, na vijana wengi wa rika langu walianza kazi kwa kusoma matangazo hayo. Kuhusu picha, walioleta kamera ya video mitaani ni wapiga picha wa harusi. Mashirika nayo yalikuja na sinema za kutembeza: Search for Common Ground walitundika shuka jeupe viwanjani na kuonyesha filamu kuhusu ubakaji na haki. Goma, kituo cha Yole!Africa kikaanza kufundisha vijana kupiga filamu zao wenyewe. Sisi wa Uvira tulikuwa tunasikia habari za Goma kwa wivu kidogo.

Sasa nifike kwenye sabuni.

Kazi tuliyopewa ilikuwa hivi: kundi la watu watano, tangazo moja lisilozidi dakika moja na nusu, kwa mfanyabiashara wa kweli wa hapa mjini, siyo wa kubuni. Tulimchagua mama mmoja wa Kasenga aliyekuwa anatengeneza sabuni nyumbani kwa mawese. Mawese yalitoka upande wa Fizi, kwa bidoni za njano. Anayachemsha mpaka rangi nyekundu inapungua, anayaacha yapoe, anamimina maji ya soda kali polepole huku mwanawe anakoroga kwa mti mrefu, na uji ukishakuwa mzito anaumwaga katika sanduku la mbao. Kesho yake anakata kwa waya. Soda ile inachoma. Mikono yake ilikuwa na alama mpaka kwenye viwiko. Tulitaka kuonyesha hayo yote, mama akakataa. Alisema, kwa maneno yake: "Mukionyesha nalipika namna gani, kesho avenyu nzima italipika." Tukabaki na nguo, maji na mazungumzo.

Kamera ilikuwa ya mpiga picha wa harusi, kaka wa mmoja wetu. Alitupa kwa siku mbili, Jumanne na Jumatano, kwa sababu harusi ziko mwisho wa wiki. Umeme wa Ruzizi siku ile ya kwanza haukuwepo, kwa hiyo betri zilichajiwa kwa mwenye jenereta, pamoja na simu za watu 30, na tulilipa kwa kila betri. Kamera yenyewe ilikuwa nzima isipokuwa kile kifaa cha kuvuta picha karibu, ambacho kilikuwa kimekwama tayari, kimejaa vumbi la bonde la Ruzizi. Hatukuweza kuvuta kitu chochote karibu. Kila picha ikatoka pana: dada anayefua yuko katikati, mdogo, na nyuma yake kuna mtaa mzima.

Tulipiga karibu na mto Mulongwe. Mchezo wenyewe ni rahisi. Dada mmoja anafua shati la shule, jirani anapita na beseni kichwani, anasimama. "Yaya, sabuni hii uliitoa wapi?" "Hapa tu, kwa mama wa Kasenga." Halafu jirani ananusa kipande, anatabasamu, anaondoka nacho, na mwenye nguo anamkimbiza. Hiyo mbio ndiyo watu walipenda. Tuliipiga mara tisa kwa sababu watoto wa mtaa walikuwa wanaingia ndani ya picha wakikimbia pia, na mara ya tisa tukawaacha. Wako mle mpaka leo, saba au wanane, mmoja anavuta gari la waya.

Sauti ilitushinda. Upepo wa ziwa unajulikana. Mchana unapanda, na kwenye kamera unasikika kama gari linalopita bila kuisha. Basi tukaenda usiku kwenye studio ya redio moja, chumba kilichobandikwa godoro na makasha ya mayai ukutani, tukarekodi maneno upya huku tunaangalia midomo kwenye skrini ndogo. Ndiyo maana midomo na maneno havikutani vizuri. Niliposoma baadaye kuhusu zile santuri za Vugiri nilicheka peke yangu.

Na ruhusa? Hapo historia haijaenda mbali sana. Siku ya pili wanaume wawili walitusimamisha na kutaka karatasi ya kutuma kazini, yenye muhuri. Tulikuwa na barua ya shule. Haikutosha, mpaka mama mwenyewe akaja na sanduku la sabuni kichwani akaeleza kwa sauti ya juu kwamba wale ni watoto wake na wanamfanyia kazi yake. Kila mtu wa Kivu aliyewahi kubeba kamera ana hadithi ya namna hiyo. Kamera katika nchi ya vita inaulizwa maswali: unapiga picha ya nani, unaipeleka wapi, nani amekutuma. Maswali mengine ni ya kijinga na mengine yana sababu, kwa maana kuna watu waliokufa kwa sababu ya picha.

Mwalimu alituuliza bidhaa iko wapi, kwa sababu kweli sabuni inaonekana kwa sekunde chache tu, ndogo kama punje ya mahindi. Mama hakulalamika. Alitulipa vipande vya sabuni, kila mmoja wetu kumi, na akataka apewe tangazo kwenye kadi ya simu. Wakati ule watu walikuwa wanapitishiana video kwa Bluetooth, simu kwa simu, na mwenye nyumba ya video ya mtaa wao alikubali kuliweka kabla ya filamu za kivita. Baada ya wiki chache watu walikuwa wanakuja kwake wakisema "tunataka ile sabuni ya kukimbizana." Hilo jina halikuwa letu. Lilimbakia.

Halafu yakaja mambo mnayoyajua. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, Mulongwe ilishuka na mawe na matope ya milima, makumi ya watu wakafa na maelfu ya nyumba zikabomoka. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa likapanda na kuingia katika nyumba za pembeni. Kisha Desemba 2025. Ukiliangalia tangazo la 2013 leo, sabuni ndiyo kitu cha mwisho unachokiona. Unaona ukuta wa matofali mabichi, mwembe, mlango wa bluu, kibanda cha kuuza makaa, waya wa nguo, na kwa mbali mitumbwi. Karibu vyote vilivyo upande wa mto havipo tena. Kile kifaa kilichokwama kilituachia mtaa.

Nimepokea ujumbe wa sauti wa dada mmoja aliye Burundi na watoto wake. Anasema: "Simamisha hapo kwa sekunde ya arobaini. Ile mlango ya bluu ni ya kwetu." Watoto wake wadogo walizaliwa baada ya 2013, hawakuwahi kuiona nyumba ile. Mzee mwingine alinitumia swali la namna tofauti. Tangu mafuriko, yeye na jirani wanabishana mpaka wa viwanja vyao, kwa sababu mto ulichukua ukuta na miti ya alama. Ana karatasi ya mauzo iliyosainiwa na mashahidi, lakini mashahidi wawili wamekufa, na karatasi inasema tu "mpaka kwenye mwembe". Mwembe unaonekana katika tangazo letu. Unaonekana vizuri, na ukuta uko upande wake wa kushoto. Video ya wanafunzi haiwezi kuwa karatasi ya kiwanja, na nilimwambia hivyo. Lakini alimwonyesha jirani, na tangu siku hiyo wamerudi kuongea.

Wapo pia wasiotaka, na wana haki. Mmoja wa watoto waliokimbia mle ndani sasa ni kijana mkubwa. Familia yake imeomba sura yake isizunguke, kwa sababu ambazo wao wanazijua na mimi sitaziuliza. Tumekata sekunde hizo katika nakala tunayoitoa. Mama wa sabuni amekubali iendelee. Kwa sasa hachemshi, mawese hayapatikani alipo, lakini anasema mtu anayemfahamu kwa jina la "sabuni ya kukimbizana" ni mteja wake bado.

Sisi hapa redioni tumeanza kukusanya matangazo hayo. Kama ulisoma Uvira, Baraka au Fizi kati ya 2008 na 2020 na mlipiga kitu cha namna hiyo, tafuta kadi yako ya zamani kabla haijaharibika. Kadi za simu zinachoka zikikaa miaka bila kuguswa, hasa kwenye joto na unyevu. Usitume kwa WhatsApp kama video ya kawaida, maana inapunguza ubora wa picha. Itume kama dokumenti. Weka nakala mbili mahali pawili, moja kwako na moja kwa ndugu aliye mji mwingine. Katika jina la faili andika mwaka, kata na avenyu, kwa mfano 2013 Mulongwe, siyo "video mpya". Kabla ya kuitoa, waulize walio ndani, au ndugu zao, na kama kuna mtu hataki, tuambie dakika na sekunde anazoonekana. Tunapokea kila siku isipokuwa Jumapili, baada ya habari za saa kumi na mbili jioni, na kwa walio ng'ambo, ujumbe wa sauti unatosha: sema tu unaona nini, na ilikuwa wapi.